Mita 120 za Lehemu: Rejeta ya Sega Ilivyotufundisha Adabu

Gari lililoletwa lilikuwa la Kiingereza, la 1912, silinda 6, injini ya zaidi ya lita 7, mali ya mtu anayeifuta rejeta kwa kitambaa kabla hajakusalimia. Malalamiko yalikuwa mawili: linachemsha baada ya dakika ishirini za mwendo, na rejeta inavuja kona ya chini kushoto. Kazi tuliikadiria wiki tano. Ilichukua kumi na moja, na bili ikakaribia mara mbili ya makisio. Sehemu ya nyongeza hiyo ilitokana na ugumu wa kazi yenyewe. Iliyobaki ilikuwa makosa yetu, na ndiyo inayoandikiwa hapa.

Kosa lililozaa mengine lilifanyika siku ya kwanza. Kuchemsha na kuvuja ni magonjwa mawili, sisi tukayachukulia kuwa moja. Tuliona unyevu wa kijani kwenye ile kona, tukawasha tochi ya gesi.

Aliyezoea rejeta za siku hizi lazima kwanza asahau anachokijua. Kwenye rejeta ya kawaida maji hupita ndani ya mirija na hewa hupita nje, katikati ya mapezi. Kwenye rejeta ya sega la nyuki, kama hii yetu, ni kinyume. Kuna maelfu ya vijirija vifupi vya shaba vilivyolala kutoka mbele kwenda nyuma, na ndani yake hupita hewa. Ncha za kila kijirija zimetanuliwa ziwe na pembe sita, kiwiliwili kikabaki cha duara na chembamba kidogo. Ukivipanga pamoja, ncha zinagusana na viwiliwili vinaachana kwa nafasi ndogo, milimita moja au pungufu. Maji hushuka kupitia nafasi hiyo. Kinachoyazuia yasimwagike barabarani ni lehemu iliyo kati ya ncha na ncha, basi.

Sasa piga hesabu. Uso wa sega letu ulikuwa na upana wa milimita 500 na kimo cha milimita 600. Ncha zilikuwa na milimita 10 kutoka ubavu hadi ubavu wa pili. Hapo unapata vijirija karibu 3,460. Kila ncha ina mzingo wa kama milimita 35, na kila upande unashirikiwa na jirani. Jumlisha uso wa mbele na wa nyuma: mita 120 za mshono wa lehemu, upana wake hauzidi wa kijiti cha kiberiti. Lehemu ya nusu bati nusu risasi huanza kulainika nyuzi 183 na huwa maji kamili karibu nyuzi 215. Ukipeleka moto kwenye tundu moja, majirani sita wanapata joto, na majirani wa majirani wanaanza kulainika. Lehemu ya miaka mia moja, yenye kutu ya kijani na ukoko wa chokaa ndani yake, haishiki tena ikishafumuka.

Tulianza na tundu moja. Jioni yalikuwa kumi na moja. Tulikuwa tumeulegeza mshikamano wa kona nzima, na hapakuwa na njia tena isipokuwa sega jipya.

Kwa hiyo, tundu moja au mawili kwenye sega la zamani usiyaguse kwa tochi. Kausha, safisha kwa brashi ya waya laini, na lehemu kwa chuma kidogo chenye joto la kutosha, ukiwa umeyafunika majirani kwa kitambaa kilicholowa. Lehemu iwe yenye bati 60 kwa risasi 40, kwa sababu inayeyuka mapema kuliko ile iliyomo. Yakizidi matano, acha. Na usimimine dawa ya kuziba matundu ndani ya rejeta. Watu wa zamani walitia haradali na mayai, wa leo wananunua chupa. Vyote hivyo vinatafuta nafasi nyembamba na kuiziba, na sega zima ni nafasi nyembamba.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini wahandisi wenye akili walijitafutia taabu ya mita 120 za mshono. Jibu ni hesabu ya joto. Gari la Benz la 1886 halikuwa na rejeta. Maji yalichemka, yakaenda zake kama mvuke, dereva akaongeza mengine. Kwa injini yenye nguvu pungufu ya farasi mmoja hilo linavumilika. Ila injini ya farasi 35 hutupa kwenye maji joto linalokaribiana na nguvu inayoitoa, kilowati 26 hivi. Ukilitoa joto hilo kwa kuchemsha peke yake, unakausha lita zaidi ya 40 kila saa. Hakuna tajiri atakayekubali kusimama kwenye kila kisima. Mirija yenye mapezi iliyofungwa mbele ya gari ilisaidia, ila ilihitaji maji mengi na mwendo wa kasi.

Wilhelm Maybach, mhandisi wa kampuni ya Daimler kule Cannstatt, Ujerumani, ndiye aliyekata mzizi. Kwenye Mercedes ya farasi 35, iliyokamilika mwishoni mwa 1900 kwa oda ya mfanyabiashara Emil Jellinek, aliunganisha vijirija 8,070 vya mraba, milimita 6 kwa 6, akaweka feni nyuma yake. Maji yaliyohitajika yakashuka hadi lita 9. Feni ilifanya gari lipoe hata likipanda mlima polepole, na huo ndio mtihani halisi wa rejeta: si barabara tambarare, ni gia ya kwanza, upepo wa mgongoni, injini ikivuta kwa nguvu zote. Baada ya hapo kila mtengenezaji wa magari ya fahari alitaka sega lake.

Injini yetu ilikuwa na karibu farasi 50, yaani kilowati 37 za joto la kuondoa. Tukitaka maji yapungue nyuzi 10 yakipita kwenye sega, pampu lazima isukume lita 53 hivi kwa dakika. Namba hiyo ilipaswa kuandikwa ukutani siku ya kwanza. Tuliiandika wiki ya tisa.

Tuliagiza vijirija vipya vya shaba, ukuta wa milimita 0.2. Agiza ziada ya asilimia tano. Sisi tuliagiza kwa hesabu kamili, tukakwama siku sita tukisubiri vijirija themanini, kwa sababu kutanua ncha kunapasua baadhi, hasa kama shaba haikupashwa moto na kulainishwa kwanza. Pasua ndogo kama unywele huioni kwa macho; inajionyesha lehemu ikishaganda.

Kupanga kunafanyika ndani ya fremu ya chuma yenye bolti za kubana pande mbili. Vijirija vinalazwa safu kwa safu, kila safu ikikaa kwenye mabonde ya safu ya chini, jinsi nyuki wanavyopanga. Safu ya kwanza ikiwa na kosa la nusu milimita, ya hamsini itakuwa imepinda na mtu aliye mita kumi ataiona. Tulifumua mara mbili. Mara ya tatu tuliweka rula ya chuma kila baada ya safu tano, na ndipo tulipotulia. Ubane kiasi cha kutosha ncha zisicheze, usibane hadi pembe sita ziwe tano.

Kisha kuchovya. Hii ndiyo saa ambayo kila mtu karakanani anazungumza kwa sauti ya chini. Uso mzima unapakwa asidi iliyozimwa kwa zinki ili lehemu ishike, unapashwa moto polepole hadi unyevu wote uishe, halafu fremu inashushwa sawasawa kwenye beseni la lehemu iliyoyeyuka, nyuzi 260 hadi 280, kina cha milimita 5. Lehemu inapanda yenyewe katikati ya ncha kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Hesabu hadi nane au kumi, inua, itikise mara moja, iache ipoe bila kuigusa. Ikiwa kuna tone la maji mahali popote, mvuke wake utarusha lehemu usoni mwako. Miwani, glavu ndefu na aproni ya ngozi ni lazima. Mlango uwe wazi, mvuto wa hewa uwepo, na mtu asile wala kuvuta sigara kabla ya kunawa mikono, maana risasi haina msamaha.

Uso wa pili una hatari yake: ukiuchovya, joto linasafiri ndani ya vijirija na linaweza kulainisha uso wa kwanza ulioko juu. Wenye uzoefu huanza na lehemu inayoyeyuka kwa joto la juu zaidi, halafu uso wa pili hutumia inayoyeyuka mapema. Sisi tulitumia aina moja pande zote, tukawahi kuinua, na mishono ya katikati haikujaa. Ilibidi tuchovye tena. Baada ya hapo sega lote linaoshwa kwa maji ya moto yenye magadi, linasuuzwa, linaoshwa tena. Asidi inayobaki ndani itaendelea kula shaba ukiwa umelala.

Majaribio yafanywe kwa upepo wa bar 0.2, sega likiwa limezamishwa kwenye pipa. Isizidi hapo. Rejeta hizi zilitengenezwa kufanya kazi bila mgandamizo wowote, mvuke ukitoka kwa bomba la kumwagikia. Kila mwaka kuna mtu anayefunga kifuniko cha kisasa cha bar 1 akidhani anafanya hisani. Tanki la juu lenye sahani ya milimita 500 kwa 100 litabeba hapo nguvu ya kama nusu tani, na brasi nyembamba iliyoshikwa kwa lehemu haikuahidi kubeba hivyo. Kwa kukosa mgandamizo, maji yanachemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari na mapema zaidi ukipanda juu, takribani nyuzi 94 kwa Nairobi. Anayemiliki gari kama hili Nairobi ana nyuzi sita pungufu za kuchezea kuliko mwenzake wa Mombasa, na kila kosa linalofuata hapa chini litamwumbua mapema.

Sasa tuje kwenye ganda, yaani fremu ya nje inayong'aa inayolizunguka sega, na hapa tunatumia muda kwa sababu ndipo pesa inapolala.

Rejeta ya gari la fahari la enzi hizo ilikuwa mapafu na uso kwa pamoja. Mtu alilitambua gari kabla halijasimama. Daimler ya Uingereza ilikuwa na mifuo juu ya rejeta tangu 1904, ikianzia kama mapezi ya kupoza tanki la juu. Delaunay-Belleville ya Saint-Denis, kampuni iliyotokana na watengeneza boila, iliweka rejeta ya duara kama mdomo wa boila. Renault iliificha nyuma ya injini ikaacha pua ya boneti ishuke mbele. Rolls-Royce ikachagua hekalu la Kigiriki, na hapo pana ujanja wa jicho: mistari inayoonekana imenyooka haijanyooka. Imetuna kidogo sana, kwa sababu uso bapa kabisa wenye kung'aa jicho huuona umebonyea. Wagiriki walifanya vivyo hivyo kwenye nguzo zao. Fundi aliyelitengeneza ganda kwa mkono alilipima kwa jicho.

Ganda letu lilikuwa la fedha ya Kijerumani. Jina linadanganya, hamna fedha humo; ni shaba, zinki na nikeli. Inang'aa kwa rangi yenye umanjano wa mbali, tofauti na ubaridi wa kromu. Kwa fundi, sifa yake moja kubwa ni kwamba haipitishi joto vizuri, pungufu ya moja ya kumi ya shaba. Ukilehemu shaba, joto linakimbia sehemu zote. Ukilehemu fedha ya Kijerumani, joto linasimama pale pale ulipoliweka, sehemu hiyo inatanuka peke yake, na ikipoa imeshapinda.

Na kwenye magari mengi ya wakati ule ganda na sega havitenganishwi kwa bolti. Vimelehemiwa pamoja, ganda likiwa ndilo ukuta wa tanki. Tuliliunganisha bila kulifunga kwenye kalibu, yaani umbo la kulishikilia lisipinde. Shavu la kulia likavutwa ndani kwa kiasi ambacho rula haikukionyesha kabisa. Kilichotusuta ni kivuli: tulisimama jioni, taa ndefu ya dari ikijitazama kwenye ganda, na mstari wa mwanga ulipofika shavuni ukavunjika, ukaendelea, kama fimbo iliyochovywa majini. Upande wa kushoto mstari ulipita bila kituo. Siku nne zikaenda tukigonga kwa nyundo ya mbao juu ya mfuko wa mchanga wa ngozi, pigo moja, tazama mwanga, pigo jingine.

Ukifanya kazi hii, tengeneza kwanza kalibu ya mbao ngumu inayofuata umbo la ganda kutoka ndani, kabla hujalifumua, likiwa bado na umbo lake. Lehemu kwa vipande vya milimita 30, ukiruka kutoka kona hadi kona. Na kipimo chako kiwe taa ndefu au fremu ya dirisha inayojitazama kwenye chuma, rula iweke kando. Usilipeleke ganda kupakwa kromu hata mwenye gari akisisitiza. Asidi za matangi ya kupaka hula lehemu, na rangi itakayotoka si ya gari hilo. Linang'arishwa tu, mara nyingi, kwa mkono.

Kurudisha rejeta kwenye gari kulichukua siku moja. Jambo la kukumbuka ni kwamba chasisi za zamani hujinyonga barabarani kama ngazi ya mbao, ilhali rejeta haijinyongi. Isishikwe kwa nguvu sehemu nne. Iachiwe kupumua: ngozi au mpira chini, springi kwenye bolti, nati yenye pini isiyokazwa hadi mwisho. Rejeta iliyokazwa kama injini hupasuka kona za chini, na nadhani ile kona iliyotuletea kazi hii ilianzia hapo. Tulikuta aliyetangulia amefunga bolti kavu, chuma kwa chuma.

Tukawasha. Tukatoka. Dakika ya thelathini na tano, gari likachemsha.

Hapo kimya kilikuwa kizito. Sega jipya, ganda limenyooka, na mvuke unatoka kifunikoni vile vile. Ndipo tulipofanya yaliyopaswa kufanywa wiki ya kwanza, na yote yalimalizika kwa siku mbili.

La kwanza lilikuwa cheche. Magari haya yana levya kwenye usukani ya kuwahisha au kuchelewesha cheche. Viungo vya fimbo zake vilikuwa vimelika, levya ikisema imewahi kabisa, magneto, kifaa kinachotoa cheche, ikiwa bado katikati. Cheche ikichelewa, moto unaendelea kuwaka wakati pistoni imeshashuka. Gesi inalamba ukuta mwingi zaidi wa silinda na kupita kwenye mlango wa ekzosi ikiwa kali, na joto lote hilo linaishia kwenye maji. Dalili yake ni bomba la ekzosi jekundu karibu na injini na gari zito kupanda kilima. Ukiona hivyo, usiiguse rejeta.

La pili, pampu. Utambi wa kuzuia maji kwenye shafti ulikuwa umelegea. Pampu ya hivyo huvuja ikisimama, lakini ikizunguka kwa kasi huvuta hewa ndani, na maji yenye povu hayabebi joto. Weka utambi mpya wenye grafiti na ukaze nati kwa vidole hadi tone moja moja lidondoke. Kwa magari yasiyo na pampu, yanayotegemea maji ya moto kupanda na ya baridi kushuka, uangalifu uzidi. Tofauti ya uzito kati ya maji ya nyuzi 90 na ya nyuzi 70, kwenye kimo cha sentimita 40, inasukuma kwa nguvu sawa na safu ya maji ya milimita 5 tu. Mpira uliovimba kwa ndani, au maji yakipungua chini ya mdomo wa bomba la juu, mzunguko unakufa.

La tatu ndilo lililouma. Maji ya injini yalikuwa ya kahawia. Miaka yote ile kuta za chuma ndani ya bloku ya injini zilikuwa zikimomonyoka kutu, matope yakalala chini karibu na silinda za nyuma. Tulikuwa hatukuisafisha bloku. Dakika 35 za kwanza za uhai wa sega jipya zilitumika kumeza matope ya injini, na tulipomimina ndoo ya lita 20 kwa sekunde 20, kipimo chetu cha lita 60 kwa dakika, maji yalirudi juu. Ilibidi rejeta itoke tena, igeuzwe, isukumwe maji kutoka chini kwenda juu saa nzima.

Fungua kwanza vifuniko vya maji vya bloku, kwangua kwa waya, sukuma maji hadi yatoke meupe. Ndipo ufunge rejeta, na kwenye bomba la juu, pale linapoingia tankini, vika kipande cha soksi nyembamba ya nailoni kama chujio kwa kilomita 80 za mwanzo. Ikague kila baada ya kilomita 15. Ya kwanza tuliitoa imejaa kama mfuko wa chai.

Maji yawe ya mvua au yaliyochujwa chumvi. Kwa baridi ya Ulaya lazima dawa ya kuzuia kuganda, lakini chagua ile ya zamani. Zile mpya zinazotegemea asidi za kikaboni wenye magari ya kale wanaonywa nazo, kwa kuwa hushambulia lehemu. Na usiamini kupita kiasi kipimajoto kinachokaa juu ya kifuniko, aina ya Boyce MotoMeter. Kinapima mvuke ulio juu ya maji. Maji yakiisha kabisa, kinaweza kukuonyesha kwamba mambo ni shwari.

Jaribio la mwisho lilikuwa kilima cha kilomita nne kwa gia ya pili, mchana wa jua. Maji juu nyuzi 86, chini 75. Gari likaondoka.

Baada ya siku tatu mwenye gari akapiga simu: rejeta inavuja, kila asubuhi anaikuta imepungua vidole viwili, anajaza hadi shingoni, kesho yake vile vile. Tulimuuliza kama chini pana unyevu. Hapana, pakavu. Mfumo wake unabeba lita 25 hivi. Kutoka baridi ya asubuhi hadi nyuzi 90 maji hayo yanavimba kwa karibu lita moja, na kwa kuwa hakuna pa kuvimbia, hiyo lita hutoka kwa bomba la kumwagikia akiwa barabarani. Tukamwambia asijaze tena. Akajibu kwamba amelipa pesa nyingi mno kuendesha rejeta isiyojaa.